Doa la Bluu Shingoni mwa Polisi

Saa moja kasorobo asubuhi, maji yanachuruzika kwenye sinki refu la chumba cha upasuaji. Muuguzi mfupi, mpana wa mabega, anasugua kucha kwa brashi kana kwamba kuna mtu kajificha humo. Dakika tano kamili. Anainua mikono juu ya viwiko na kuusukuma mlango kwa mgongo.

Ndani, mezani hakuna mgonjwa. Leo anayepimwa ni yeye.

Hospitali nzima inamwita Polisi. Ukishusha mkono wenye glavu chini ya kiuno, kakuona. Ukijikuna pua kwa bega, kakuona. Wenzake wanaapa kwamba aliwahi kumrudisha daktari mkuu sinkini mara tatu asubuhi moja, na kwamba siku hiyo inzi aliyekuwa dirishani aliondoka mwenyewe, kwa adabu.

“Mara tatu ni uongo,” anasema Polisi. “Zilikuwa nne.”

Kwa miaka ishirini na miwili amewafundisha wenzake kuvaa: gauni lililotakaswa hushikwa kwa ndani tu, na glavu huvutwa vidole vikiwa bado ndani ya mikono ya gauni. Amewafundisha na kuvua, maana damu hubaki kifuani na kwenye glavu, na anayevua ovyo huihamishia kwenye ngozi yake, kisha huondoka nayo.

Mwezi uliopita matroni mpya alikuja na kikopo cha rangi ya bluu. Kila mtu avae, glavu zipakwe rangi, avue, akaguliwe. Atakayekutwa na bluu mwilini hatasimama mezani mpaka avue mara kumi mfululizo bila doa. Polisi alifurahi kuliko wote. Akavuta kiti mbele, awaone vizuri watakaoumbuka.

Wa kwanza safi. Wa pili safi. Daktari mkuu naye safi, akajipigia makofi.

Zamu ya Polisi ilipofika, matroni alimzunguka, akasimama nyuma yake, akaita kwa kidole. Daktari mkuu akaenda kuangalia, kicheko kikamkatikia mdomoni. Shingoni, chini kidogo ya nywele, kulikuwa na alama za vidole viwili, bluu tupu.

“Nilidhani wananitania,” anasema. “Wakanipiga picha kwa simu. Wakanionyesha. Nikakaa sakafuni, mimi ninayewakataza watu hata kuokota kitu sakafuni.”

Kosa lake lilikuwa dogo na la zamani. Kamba ya shingo hufunguliwa na mwenzako ambaye hakuwa mezani. Lakini zamani, zamu nzima ilipokuwa na wauguzi wawili tu, Polisi alizoea kujifungulia mwenyewe, glavu zikiwa bado mkononi. Wenzake wakaongezeka, mkono ukaendelea. Mdomo ukiwaambia wengine wasubiri, mkono wake ulikuwa umeshafika shingoni.

Jioni hiyo mjukuu wake wa miezi saba alimnyooshea mikono abebwe. Huwa analala shingoni mwa bibi yake, hapo hapo. Polisi alimpita, akaingia bafuni moja kwa moja. Mumewe, aliposimuliwa, alisema kumbe leo Polisi kakamatwa.

Lakini pigo kubwa lilitoka kwa mama wa dobi, anayefua magauni yale ya kitambaa kabla hayajaingia kwenye joko la mvuke kutakaswa. Alipoambiwa habari ya doa, hakushtuka. Alisema kamba za shingo za magauni mafupi huja na damu tangu alipoanza kazi, miaka kumi na moja iliyopita. Magauni mafupi ni ya mtu mmoja tu.

“Nikamuuliza, dada, mbona hukuniambia miaka yote hiyo?” anasema Polisi. “Akanijibu, ‘Nikuambie wewe? Nianzie wapi?’”

Wiki mbili sasa hajasimama mezani. Kazi yake ni kuwafungulia wengine kamba. Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajaletwa, anapakwa rangi na kujaribu. Siku ya nne mkono ulipanda wenyewe; matroni akafuta hesabu, wakaanza moja.

Asubuhi hii anasimama wima, mikono mbele ya kifua, akimsubiri mwenzake amfungulie. Vidole havipandi. Gauni linatoka kwanza, ndani nje, kisha glavu. Matroni anachungulia shingo, viganja, viwiko. Safi. Ni mara ya tisa.

Ya kumi ni kesho, na Polisi ameomba matroni asimkague. Anamtaka mama wa dobi, aje na miwani yake, aangalie mbele ya wote.

“Akiona doa, aseme, nianze moja,” anasema. “Nikirudi pale mezani watu wakiwa bado wananiogopa, sijarudi popote.”

Mama wa dobi alikataa mara mbili. Jana alikubali, kwa sharti moja: wakati anamkagua, Polisi aangalie ukutani, wasikutane macho.