Mama Vipimo na Mke Mwenza wa Kioo

Hebu mwone anavyoingia. Mlango anausukuma kwa bega, maana mikono yote miwili imeshika ndoo, nyeupe kulia na bluu kushoto, na utepe wa kupimia nguo unaning'inia shingoni. Anazitua sakafuni bila kumwaga tone, anashika kiuno, anatazama ukutani, na uso unamkunjuka. Utadhani ameona mtoto aliyerudi safari. Wala. Anatazama tangi la samaki.

Mtaani wanamwita Mama Vipimo. Ni fundi cherehani wa sare za shule, na hakati kitambaa kabla hajapima mara mbili. Mteja anaweza kuapa kwamba hajanenepa. Utepe ndio unaosema. Cherehani yake iko sebuleni, dirishani, na tangi liko ukuta wa mkabala, basi kwa miaka walitazamana kama majirani wasiosalimiana. Lilikuwa la mumewe, fundi rangi. Ndani mna maji ya chumvi kama ya bahari, mawe, samaki wawili wa rangi ya machungwa, na matumbawe, ambayo ni wanyama hai ingawa ukiyaona utasema maua. Moja la kijani mume alilianza likiwa kipande kama kifungo cha shati. Lilikua likafunika jiwe zima, vidole vyake vikipepea majini mchana kutwa.

Fundi rangi akitoka kazini alilisalimia tangi kwanza, mke baadaye. Ndipo Mama Vipimo akalibatiza jina, mke mwenza. Alimlalamikia wifi yake kwamba mwenzake anawashiwa taa za kila rangi, na yeye balbu ya jikoni imeungua hakuna anayejali.

Sasa, ikatokea kazi ya kupaka hospitali nzima, mji wa mbali, kazi aliyoisubiri mume kwa muda mrefu. Tangi amwachie nani? Wifi akashauri liuzwe. Hapo Mama Vipimo akaona amedharauliwa.

"Nimelea watoto wa tumbo langu wakatoka watu," akasema. "Nitashindwa na samaki wawili?"

Mume akamwonyesha. Kwenye kioo alikuwa amebandika utepe wa karatasi, ule wa kuzuia rangi isivuke. Maji yakishuka chini yake, yaongezwe. Akampa na kipimo cha chumvi, kijidarubini unachokitonea maji kisha ukachungulia mwangani, ukaona mstari umesimama kwenye namba gani, akamwonyesha na alama ambapo unapaswa kukaa. Ndoo nyeupe ina maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, ya kuongezea kila siku. Ya bluu ina maji ya chumvi, ya siku ya kubadili maji tu. Aliyasema hayo huku anafunga brashi zake, na mkewe, midomo imejaa pini, akaitikia kwa kichwa.

Joto lilikuwa kali, na maji yakashuka. Mama Vipimo akasimama kati ya ndoo mbili. Akawaza, bahari ikipungua itaongezwa nini kama si bahari? Tena akahofia akilitilia lile tangi maji matupu, wifi atasema ni wivu wa uke wenza. Akaamua kuwa mkarimu. Akamimina ya bluu. Kesho yake bluu tena, na keshokutwa, kwa moyo mweupe kabisa.

Tumbawe la kijani likajikunja. Vidole vyote vikaingia ndani, likabaki kama ngumi iliyofumbwa. Hapo ndipo mwanamke asiyekata kitambaa bila kupima akakumbuka kwamba maji hakuyapima hata mara moja. Akachungulia kijidarubini. Mstari ulikuwa umepanda, umeiacha mbali alama aliyoonyeshwa.

Akampigia mume simu. Alimkuta juu ya jukwaa la kupakia rangi, na mume hakuuliza ila swali moja.

"Uliongeza ndoo ipi?"

"Ya bluu."

Kisha mume akamweleza taratibu, bila kumfokea, kwamba maji hukauka yakaenda zake lakini chumvi haina miguu, hubaki. Mchuzi ukisahaulika jikoni huwa vipi? Akasema anashuka, atafunga safari asubuhi.

"Usije," mke akamwambia. "Ukishuka hapo atapanda mwingine. Mimi ndiye niliyeharibu, niachie mimi nitengeneze."

Wifi alipofika na kuona ile ngumi, alitaka ndoo nyeupe imiminwe yote papo hapo, mambo yaishe. Mama Vipimo akaiwekea mkono. Gauni likimbana mtu, akamwambia, huachii mshono wote kwa mkupuo. Unaachia kidogo, anavaa, unatazama. Vinginevyo chumvi itaporomoka, na kuporomoka huumiza kuliko kupanda. Basi kila asubuhi alichota jagi moja la maji ya tangi akayatoa, akarudisha jagi la maji matupu, kidogo kidogo, kisha akapima. Wifi akamcheka kwamba hata mume hakuwahi kubembelezwa hivyo. Mama Vipimo akajibu kwamba mume hajawahi kumfumbia ngumi.

Mstari ukashuka kwa kinyongo hadi kwenye alama, ukatulia. Toka hapo hakuuachia ucheze. Chai ilisubiri, kwanza utepe wa kwenye kioo, kikombe cha maji ya ndoo nyeupe, kijidarubini. Na asubuhi moja, akiwa anapiga pasi mkono wa shati, akaona kidole kimoja cha kijani kimetoka. Kikafuata kingine. Aliacha pasi nusura iunguze sare ya watu.

Mume alirudi na rangi bado kwenye kucha. Tumbawe lilikuwa limechanua wazi, na pembeni, juu ya jiwe lililokuwa tupu, kulikuwa na chipukizi lake, dogo kama kifungo. Akapima maji. Akafuta kioo cha kijidarubini, akapima tena, kama mkewe na vitambaa vyake. Mstari ulikuwa palepale alipouacha. Akainama kuinua ndoo nyeupe.

"Iache," Mama Vipimo akasema. "Leo hajapimwa bado, na mpimaji ni mimi."

Mume akanyooka, akalitazama tangi, akamtazama mkewe aliyesimama kidevu juu na utepe shingoni.

"Niliondoka nina wake wawili," akasema. "Nimerudi sina hata mmoja?"

Wakacheka wote wawili, lakini mkono wa Mama Vipimo haukutoka kwenye ndoo. Nawe ungekuwa yeye, ungemrudishia?