Gemu la simu lilivyonijazia watu dukani Kariakoo siku baba mkubwa wa mchumba alipokuja kunikagua

Wakuu, heshima kwenu. Wale mnaonijua kutoka jukwaa la ujenzi kwa ushauri wangu wa koki zinazovuja, leo sizungumzii koki.

Asubuhi nimekuta uzi humu, mdau analalamika kwamba gemu la simu linawatuma watu kusimama nje ya nyumba yake. Wengi mmemcheka. Mimi nilicheka pia, peke yangu jikoni, ila kwa sababu nyingine, mpaka mke wangu akaja kuuliza kama niko sawa.

Ngoja niwasimulie yaliyonikuta. Chumvi sitaongeza hata nikitaka, maana Neema kakaa hapa pembeni anasoma kila mstari kabla sijautuma.

Tuanze.

Kipindi hicho nilikuwa na duka la vifaa vya bomba, pale Kariakoo inapoanza kugeuka Mchafukoge. Koki, mipira ya maji, masinki ya choo. Masinki mengine nilikuwa nayapanga nje barazani ili mteja ayaone toka mbali.

Jengo lilikuwa la Mama Hansa, mama wa Kihindi aliyezaliwa ghorofani humohumo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi Msambaa. Juu ya mlango wa ngazi zake, ubavuni kabisa mwa duka langu, kulikuwa na tausi wawili wa saruji waliopakwa bluu na kijani. Babu yake ndiye aliyewaweka. Nilipita chini yao kila siku na sikuwahi kuwatazama vizuri.

Kumbe waliotengeneza gemu walikuwa wamewaona.

Sasa kabla ya gemu, niwaambie habari ya baba mkubwa, kwa sababu bila yeye hii ingekuwa stori ya kero tu.

Nilikuwa nataka kumuoa Neema. Neema ni Mchaga, baba yake alishafariki, na mwenye neno la mwisho alikuwa baba yake mkubwa. Mzee huyo ana duka la jumla Moshi. Alikuwa hana shida na mimi kanisani, hana shida na mimi kwa tabia. Shida yake ilikuwa moja: Msambaa anajua biashara kweli, au anakaa dukani anapunga upepo?

Akamwambia Neema atakuja Dar kuniona Jumatatu. Wachaga mnajua hii. Akisema Jumatatu, anakuja Jumamosi, bila kuaga, anasimama pembeni anaangalia nani anaingia na nani anatoka.

Na kwangu mimi walioingia walikuwa wachache, na waliotoka ndio haohao. Mtu hanunui sinki la choo kila wiki. Nililala vibaya siku kadhaa nikifikiria mzee akisimama asubuhi nzima na kuona paka tu barazani.

Ikafika Jumamosi.

Nafungua duka, nakuta vijana kama sita wamesimama mbele, wameinua simu, wanaelekeza juu ya mlango. Nikajua ni watu wa kodi waliovaa kiraia. Nikaanza kutafuta leseni yangu ya biashara.

Dada mmoja wa chuo, ana miwani mikubwa, akanionea huruma. Akanionyesha simu yake.

"Braza, hapa kwako ni kituo. Unaona tausi? Gemu limewaweka kama sehemu ya kukusanya nguvu. Halafu wikiendi hii wameongeza wadudu eneo hili."

Nikachungulia. Kwenye skrini naliona duka langu, baraza langu, na juu ya sinki langu la pili toka mlangoni amekaa mdudu wa njano mwenye masikio, anatikisa mkia. Nikageuka kuangalia sinki lenyewe. Halina kitu. Nikaangalia tena simu. Yupo, ametulia kama kalipia.

Nikacheka sana. Nikawaambia wakusanye tu, mradi wasizibe njia.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na ni kosa la mgeni, ingawa nilikuwa mjini miaka. Kariakoo watu wakisimama pamoja mbele ya duka, wapita njia hawajiulizi kama kuna msiba au kuna ngoma. Wanajua jambo moja tu: kontena limefunguliwa, mzigo umeshuka, bei ya kutupa. Na ukichelewa umekosa.

Wa kwanza kujiunga alikuwa mama mwenye kikapu. Akasimama nyuma ya vijana. Nyuma yake akaja jamaa wa spea. Nyuma ya jamaa wa spea wakaja wawili, wakaanza kubishana nani alimkuta mwenzake. Kidogo nageuka, kuna foleni imepinda kona.

Nikamsikia mmoja anauliza, "Mzigo gani?"

Mama wa kikapu akamjibu, "Hatujaambiwa bado, ila sisi tumewahi."

Muuza kahawa akaja. Muuza maji akaja. Wakuu, akaja mpaka mtu wa kuuza viti vya plastiki vya kukalia foleni.

Hapo ndipo Neema akapiga simu. Sauti chini kabisa.

"Baba mkubwa hayuko Moshi. Kaingia jana usiku. Shangazi anasema katoka asubuhi kavaa kaunda suti ya kijivu na kofia ya pama, kasema anaenda Kariakoo kunyoosha miguu. Yona, fanya uonekane una kazi."

Nikaangalia nje. Foleni imejaa mtaa. Nikahisi kupendwa na Mungu.

Nakiri, kwa muda ule niliufurahia ule umati kama wangu. Nilivaa koti la kazi, nikaweka kalamu sikioni, nikaanza kuhamisha koki toka shelfu moja kwenda nyingine kwa haraka. Ndani hakuna mteja hata mmoja. Mzee akipita, ataona duka linafurika. Posa imepita hiyo.

Halafu Mama Hansa akashuka.

Ulikuwa msimu wao wa Diwali. Alfajiri alikuwa amechora ua kubwa la unga wa rangi pale kizingitini, kama wanavyofanya kila mwaka, kukaribisha heri ndani ya nyumba. Anafungua mlango aende hekaluni, anakuta ua limekanyagwa lote, na kijana kasimama katikati ya petali akipapasa simu.

"Yona," akaniita. Hakupaza sauti, na mimi nikaogopa zaidi. "Hawa ni wageni wako?"

"Mama, hawa wanatafuta mdudu wa kwenye simu."

"Mdudu yuko wapi?"

"Kwenye sinki."

Akaliangalia sinki.

"Kahamia nyumba yangu bila kuniuliza. Babu yangu hakuweka tausi wale kwa ajili ya huyo. Waondoe watu, Yona. Mimi nina miaka mingi, siwezi kurukaruka mlangoni kwangu. Leo mtu ataumia hapa."

Wakuu, hilo neno la mwisho nililisikia vizuri kabisa. Nikajifanya sikulisikia. Nikamuomba anipe nusu saa tu, nikamweleza habari ya mzee wa Moshi. Akanitazama vile mama anavyomtazama mtoto aliyekula sukari, akakaa kwenye ngazi yake kusubiri.

Nikageuka kuangalia foleni. Katikati, nyuma ya jamaa wa spea, kuna kofia ya pama.

Chini ya kofia, kaunda suti ya kijivu.

Baba mkubwa alikuwa kwenye foleni. Na si kusimama tu, alikuwa anapigania nafasi yake. Kijana mmoja alitaka kuchomeka mbele, mzee akamzuia kwa mwavuli. "Mimi nimekukuta hapa? Rudi nyuma." Mchaga na mzigo mpya jamani, hata akija kukagua mkwe ataanza na mzigo. (Neema kanipiga kibao hapa, ila kasema niache.)

Sikujua nimwamkie au nijifiche. Nikiwa bado nafikiria, yule dada wa miwani akapiga kelele, "Katokea mkubwa! Ng'ambo ya barabara!"

Mdudu adimu, wakuu. Sikumwona, ila niliona alichofanya.

Vijana wote wakakimbia kuvuka, macho kwenye simu. Foleni ikaona vijana wanakimbia, ikajua mzigo umehamishiwa duka la pili, nayo ikakimbia. Na barabarani lilikuwa linakuja guta la matairi matatu limebeba marobota ya vitenge, liko kasi, jamaa anayeliendesha anapiga kelele breki hazishiki.

Hapo kicheko changu kiliisha. Nilimwona yule dada yuko mbele ya guta kabisa na hajainua uso.

"SIMAMENI HAPO."

Ilikuwa sauti ya Mama Hansa kutoka ngazini. Sikujua mama yule ana sauti ile. Mtaa mzima ulisimama. Dada akasimama hatua moja kabla ya guta, guta likakata kona, likapanda baraza la jirani, marobota yakamwagika kwenye duka la ndoo. Ndoo zikaviringika kila upande. Mtu hakuguswa hata kucha.

Isipokuwa baba mkubwa. Kwenye ule msukumano mtu alimkumba kifuani, akarudi nyuma hatua kadhaa akitafuta pa kushika, na hakupata. Akakaa chini kwa nguvu zote.

Akakaa kwenye sinki langu la pili toka mlangoni.

Kaunda suti, kofia, mwavuli umesimama kati ya magoti, katikati ya Kariakoo, mchana kweupe. Mzee amekaa chooni.

Vijana wakaanza kuinua simu. Mama Hansa akasema, "Atakayepiga picha nitamkumbuka," simu zote zikashuka. Akawapa fagio na unga wa rangi, akawasimamia warudishe ua lake. Dada wa miwani alikuwa analia na kuchora kwa wakati mmoja.

Mimi nikamwendea mzee. Nilikuwa nimepanga kumwambia umati ule ni wateja wangu, maneno yote ninayo. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona mtoto wa watu akiponea chupuchupu kwa sababu mimi niliutaka umati ule, na yale maneno yakaniisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mimi ndiye Yona. Baba, hawa watu si wateja wangu. Walikuja kutafuta mdudu wa kwenye simu. Mteja wa leo bado sijampata hata mmoja."

Hakunyanyuka. Akatikisa kichwa taratibu.

"Najua. Nani anapanga foleni kununua choo?"

Nikashindwa kujizuia. "Sasa baba, wewe ulipanga kwa nini?"

Akaiweka kofia yake sawa.

"Niliona watu wanapanga."

Tukatazamana. Akaanza kucheka yeye, ndipo na mimi nikaruhusiwa. Tulicheka mpaka kofia yake ikaanguka.

Alipotulia, bado hajanyanyuka. Akapapasa pembeni mwa sinki kwa kiganja. Akainama mbele kama mtu anayetaka kusimama, akakaa tena. Akarudia.

"Mama yangu magoti yamekwisha," akasema, kama anaongea na mwavuli. "Choo chetu kule nyumbani ni cha kuchuchumaa. Anashika ukuta kuchuchumaa, anashika ukuta kuinuka. Nimejenga duka, nimejenga nyumba ya wageni, hilo sijawahi kulifikiria."

Akanigeukia.

"Hiki nakichukua. Ila ukilete Moshi mwenyewe, na ukifunge mwenyewe. Nataka nikuone unavyofanya kazi watu wakiwa hawapo."

Nilikipeleka kwa basi. Konda alikataa kukiweka chini na mizigo, akasema kitavunjika, kikapewa siti karibu na mimi. Njia nzima abiria walikuwa wananiuliza kama mwenzangu atashuka Same. Nilipofika nikakifunga mwenyewe, mzee kasimama mlangoni ananiangalia.

Sasa nilichojifunza, maana uzi bila hilo mtanisuta.

Mnaocheza hizi gemu, chezeni, ni raha hata mimi nimejaribu. Ila ukifika sehemu inua uso. Hapo unapoona kituo, kuna mtu anaishi, anafungua mlango, amechora ua lake. Mwombe kwanza. Na barabara ya Kariakoo haina habari na mdudu wako. Na wewe mwenye duka ukiona umati usio wako, usiujengee ndoto. Mimi nusura niinunue posa yangu kwa mguu wa mtoto wa mtu.

Mama Hansa bado yupo na tausi wake bado wapo. Juzi nimepita kumsalimia, nikamkuta ngazini ameinua simu. Akaniambia, "Sogea kidogo Yona, umemziba." Yule dada wa miwani ndiye aliyemfundisha, huwa anakuja kila Diwali kumsaidia kuchora.

Wenye visa kama hivi vya gemu kuwajazia watu nyumbani, shusheni hapa. Wachaga njooni mjitetee kuhusu foleni.

EDIT: Naona wengi mnauliza posa iliishaje. Basi.

Siku ya posa tumekaa sebuleni Moshi, wazee wangu wa Lushoto upande huu, wenyeji upande ule, mbege, pombe yao ya ndizi, katikati. Kwa desturi wanamwita binti, wanamuuliza mbele ya watu wote kama anawafahamu wageni hawa. Neema kasimama, anajiandaa kujibu.

Bibi yake, yule wa magoti, akanyoosha mkono.

"Msimuulize huyo," akasema. "Mimi ndiye ninayemfahamu. Siku hizi nikiamka asubuhi sishiki ukuta."