Upande wa Kushoto wa Msusi

Msusi wetu ana vichwa viwili juu ya shingo moja: upande wa kulia nywele zinang'aa, upande wa kushoto ni shamba la majaribio. Kitu chochote cha jikoni hupita huko kabla hakijamgusa mteja. Siku ya mayai kuku wangu walimfuata mpaka sokoni, na siku ya asali, naapa, nyuki walikuja kumposa. Yeye hunusa tu vidole vyake, akasema, "Bado."

Juzi binti yangu alimburuta mjukuu wangu hadi kwa msusi, nami nikafuata nyuma. Nywele za mtoto zilikuwa zimeshikana kama zulia la mlangoni, na mama mtu ameshika mkasi.

"Bibi, usiwaache wanikate!" mtoto akanililia.

"Weka mkasi chini, dada," msusi akasema. "Nipe mpaka jioni."

Akajifunga mafundo matatu upande wake wa kushoto. La kwanza akalipaka siki: wapi! La pili akalipaka dawa ya kulainishia nguo, likakaza kama kamba ya ng'ombe. La tatu akalipaka mafuta ya kupikia, akapitisha uma, likaachia. Ndipo akamgeukia mtoto, unywele kwa unywele, chai yake ikapoa bila kuguswa.

Jioni mjukuu wangu alisimama kwenye kioo, nywele zikimgusa mabega, akinukia kama kikaango. Msusi akaokota ule mkasi, akayakata mafundo yake mawili yaliyogoma.

"Bibi, usinitazame hivyo. Zikiota tu, najaribu kitunguu."