Joho Lisilo na Rangi

Kwa miaka ishirini na sita fundi huyu aliishika sheria moja: asiyepimwa hakatiwi. Ukimletea suruali kuukuu ili akushonee inayofanana nayo, alikurudishia. Ukimtumia vipimo kwa simu, hakujibu. Siku moja alifika mzee mmoja na karatasi yenye vipimo vya mpwa wake, bwana harusi aliyekuwa kazini mbali, akaiweka juu ya meza ya kukatia.

"Fundi, harusi ni Jumamosi. Hivi hapa, kaandika kwa mkono wake."

"Mwili si namba ya simu, mjomba, kwamba mtu akutajie uandike. Mlete mwenyewe."

"Yuko safari ya siku mbili!"

"Basi aoe alivyo."

Kazi ile ilimpita, na nyingine nyingi zilimpita. Lakini hakuna mteja aliyewahi kurudi dukani kwake na koti linalobana makwapa. Na kwa kuwa futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda kula, mtaa mzima ulimwita Mzee Futi. Wengine hawakujua kama ana jina jingine.

Kwa hiyo niliposikia alichomfanyia binti yake, nilimkatiza aliyekuwa akinisimulia. Nilimwambia asimsingizie mtu. Hakuwa akimsingizia.

Binti alikuwa kitinda mimba. Alibeba jina la bibi yake mzaa baba, na kwa sababu hiyo Mzee Futi alimwita "mama" tangu akiwa mchanga. Alikuwa amemaliza mwaka wa pili katika chuo cha serikali, akisomea kazi ya maabara ya hospitali: kupima damu, makohozi, mkojo, na kumwambia daktari kilichomo. Kozi ilikuwa ya miaka minne. Chuo chenyewe hakikuwa cha kujivunia mbele ya wageni. Darasa lilikuwa la watu mia na arobaini na viti tisini. Hadubini moja iligawanywa kwa wanafunzi wanane, na aliyekawia kuangalia alisukumwa kwa kiwiko. Walimu walikuwa wamegoma mara mbili. Hata hivyo binti alikuwa akirudi nyumbani na kumweleza mama yake, huku wakichambua mchele, jinsi ya kutofautisha chembe ya damu yenye ugonjwa na iliyo nzima. Mama alikuwa dobi katika hospitali ya wilaya, na alizipenda habari zile kuliko redio.

Yote yangeendelea hivyo kama si majoho.

Chuo kikuu kipya cha kulipia, kile cha kuta za vioo kilichojengwa upande wa juu wa mji, kilihitaji majoho mia na themanini kwa ajili ya mahafali. Kazi akapewa Mzee Futi. Joho halipimwi, linashonwa kwa saizi tatu, dogo, la kati na kubwa, na mtu hujitumbukiza humo kama kwenye hema. Fundi alilalamika siku mbili, kisha akanyamaza, maana malipo yalikuwa mazuri na kitambaa kilikuwa kizito, cheusi, kisichokunjamana. Kila joho lilikuwa na mkanda wa rangi unaoshuka kutoka shingoni, na kila kozi ilikuwa na rangi yake. Aliziandika zote katika daftari lake la vipimo: bluu ya biashara, nyekundu ya sheria, njano ya ualimu, zambarau ya kompyuta. Alishona mikanda yote mia na themanini kwa mkono wake.

Alipopeleka mzigo, alirudi akiwa mtu mwingine. Fundi viatu, jirani yake wa mlango wa pili, alikuwa wa kwanza kuona.

"Mzee Futi, vipi? Umeoa tena?"

"Wewe endelea na soli zako. Nimetoka kuona chuo." Akaketi. "Mlangoni nimepewa maji ya baridi kabla sijaomba. Dada wa mapokezi ananiita mheshimiwa. Mimi!"

"Huenda haoni vizuri."

"Na maabara nimeiona, kwa macho yangu. Hadubini ishirini zimepangwa mstari mmoja, kila moja na mfuko wake wa nailoni. Safi! Wa kwangu anagombania moja na watu wanane."

Alikuwa ameiona maabara ile kupitia kioo cha mlango. Hakuingia. Hadubini zilizomo ndani ya mifuko zilimwambia kwamba watu wale wanatunza vitu vyao. Hakujiuliza kwa nini chombo cha kazi kikae kwenye mfuko katikati ya muhula, saa nne asubuhi. Mtu anayejua kwamba cherehani inayofunikwa mchana ni cherehani isiyo na kazi!

Nyumbani alitangaza kwamba binti atahama. Ada ya mwaka mmoja kule ilizidi ada ya miaka yote minne kwenye chuo cha serikali. Mkewe aliposikia kiasi hicho alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Baba watoto, hizo pesa za nani?"

"Kiwanja kipo."

"Kiwanja kina msingi tayari! Tumebeba mawe mimi na wewe!"

"Msingi wa nyumba na msingi wa mtoto, upi mkubwa?"

Maneno yale yalikuwa mazuri. Maneno mazuri yamewaangusha wengi wenye akili. Lakini mama akauliza swali lisilo na ujanja wowote. "Umewapima hao watu?"

"Niwapime nini? Nimewashonea majoho mia na themanini."

Binti alikuwa amekaa kwenye kizingiti, miguu nje. "Baba, masomo yangu ya miaka miwili watayahesabu?"

"Jengo lile lina lifti, mama. Watashindwa kuhesabu?"

"Lifti haisomi matokeo, baba."

Alicheka, na mkewe akacheka, na mzaha ukafunika swali. Lakini binti hakuliacha. Siku ya pili alimfuata baba yake dukani, akasimama mbele ya meza, akaomba kitu kimoja.

"Nipe siku moja tu. Niende nikakae darasani kwao, nione wanavyofundisha. Niulizie na kozi yangu. Kikinifaa, nitahama kwa moyo mmoja. Kisiponifaa, acha nibanane nilipo. Pale nimeshazoea, na nafundishwa."

Siku moja. Alichoomba binti ni kile kile ambacho mtu huyu alimdai kila mteja kwa miaka ishirini na sita: aje mwenyewe, avue koti, asimame wima, apimwe. Nikifika hapa katika kisa hiki huwa natamani nimshike mkono fundi.

"Hakuna nafasi ya matembezi," alisema. "Dada wa udahili amenipigia. Anayelipa kabla ya Ijumaa anapunguziwa. Peleka barua ya kuhama kesho."

Mwenye sheria njema haivunji siku anayoichukia. Huivunja siku anayoona kwamba leo haimhusu.

Kiwanja kilinunuliwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hakubishana bei kwa sababu alijua haraka ya muuzaji. Fedha hazikutosha. Mzee Futi akauza cherehani yake ya umeme na mashine ya kuziba ncha za nguo. Mtaa ulipigwa na butwaa mashine zile zilipopakiwa kwenye mkokoteni. Fundi viatu alisahau utani siku hiyo.

"Na sasa utashonea nini, kaka?"

"Cherehani ya miguu ipo. Ndiyo iliyonilipia mahari."

Binti alianza chuo kipya akiwa na mkoba mpya. Katika kozi yake walikuwa watano. Mwalimu aliyesoma kazi ile hakuwepo chuoni. Alionekana Ijumaa kwenye kioo cha kompyuta, akiwa nchi nyingine, na mtandao ulipokatika walikwenda kunywa chai. Wanafunzi wenzake hawakumtendea ubaya. Walizungumza tu habari za magari ya baba zao, naye hakuwa na la kuchangia. Wiki ya tatu mifuko ya nailoni ilivuliwa kwa mara ya kwanza, na msaidizi wa maabara akauliza kama kuna yeyote anayejua kuweka kioo cha damu chini ya hadubini. Binti alinyoosha mkono. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyewafundisha wengine, na baba yake akilipia.

Hakumwambia baba. Alimwambia mama kwa vipande vipande, na mama alimezea. Lakini muhula ulipofikia mwisho, ilikuja barua yenye nembo ya chuo, ikisema kwamba mwanafunzi huyu amesajiliwa mwaka wa kwanza. Mzee Futi aliisoma mara mbili, akafunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea bila msiba, akachukua daftari lake la vipimo na kupanda kule juu na binti yake.

Maji ya baridi hakupewa safari hii. Afisa wa udahili alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililonyooshwa vizuri.

"Shikamoo mzee. Karibuni mkae."

"Marahaba. Mwanangu, kuna kosa humu. Binti alimaliza mwaka wa pili. Ninyi mmeandika wa kwanza."

"Si kosa, mzee. Kozi yenyewe imeanza mwaka huu. Mwaka wa pili hatuna. Wa tatu pia hatuna."

"Imeanza mwaka huu kivipi? Mimi nimewashonea majoho ya mahafali!"

"Tunakushukuru sana, yalipendeza. Ila yale yalikuwa ya kozi zilizopo. Hii bado inasubiri kibali. Tukipata kibali, cheti chake kitatambulika."

"Na msipopata?"

Kijana akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari. "Tunatarajia kupata, mzee."

Hapo fundi alifungua daftari. Binti alimshikia ukurasa. Akapitisha kidole kwenye mwandiko wake mwenyewe: bluu, nyekundu, njano, zambarau. Akarudi juu, akashuka tena.

"Maabara ni rangi gani?" akauliza.

"Samahani?"

"Mkanda. Watu wa maabara wanavaa mkanda wa rangi gani?"

"Rangi haijachaguliwa, mzee."

Binti anasema baba yake hakupiga kelele. Alishusha midomo, kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto mdogo, akabaki anaitazama ile orodha. Alikuwa ameishika mikononi mwezi mzima. Alishona mikanda mia na themanini, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa mwanawe. Jibu lilipita chini ya sindano yake mara mia na themanini, naye akalikata uzi na kuliweka kando.

"Nirudishieni ada, basi," alisema mwisho, kwa sauti ndogo.

Kijana akamgeuzia fomu, akamwonyesha mstari wa chini kabisa. Ada ikishalipwa hairudishwi. Sahihi iliyokuwa chini ya mstari huo ilikuwa ya Mzee Futi mwenyewe.

Mimi sikumlaumu kijana yule peke yake, wala sikumsafisha. Chuo kinachochukua ada kwa kozi isiyo na kibali, bila kumwambia mlipaji, kinaiba, hata kama kinaiba kwa adabu na shati safi. Lakini mwizi aliyekuta mlango umefungwa hupita. Huyu aliukuta wazi, na aliyeufungua ndiye aliyekuwa mlinzi bora mtaani.

Walishuka kilima. Karibu na nyumbani fundi alisimama ghafla.

"Mama, ulijua?"

"Sikujua, baba. Nilitaka kwenda kuangalia."

Kesho yake walikwenda chuo cha serikali. Mwalimu wa maabara alimkumbuka binti, akasikitika kweli, akamwambia ukweli. Nafasi yake ilikuwa imepewa mwingine wiki ile ile aliyoleta barua ya kuhama. Aombe upya msimu ujao, na akipokewa atawekwa mwaka wa pili, kwa sababu ndivyo kanuni ilivyo kwa anayerudi. Aliomba, akapokewa. Sasa anarudia masomo aliyoyafaulu, anabanana na wanane kwenye hadubini moja, na wale alioanza nao wako mwaka wa nne. Mmoja wao yuko kwenye mafunzo ya kazi, akipokea sampuli katika hospitali ile ile ambayo mama yake binti anafua mashuka.

Mzee Futi bado anashona, kwa cherehani ya miguu. Futi iko shingoni. Fundi viatu aliwahi kumtania kwamba sasa apime hata mchuzi kabla ya kuonja. Alijibu tu, "Ningepima," na hakuna aliyecheka.

Kwenda kuangalia chuo kungegharimu nauli ya basi ya kwenda na kurudi. Kutokwenda kulimgharimu kiwanja chenye msingi, cherehani ya umeme, mashine ya kuziba ncha, na miaka miwili ya mwanawe.