Tumbo la Mama Mdogo

"Mwenye mtumbwi anakula dagaa hawahawa ninaowaanika mimi. Mbona tumbo lake limejaa nyama na langu limejaa maji?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo akiwa ameketi kwenye kitanda changu, Hamugembe, mjini Bukoba, miguu imevimba. Nilikuwa na shahada, chumba kimoja cha kupanga, na watoto wachache wa majirani niliowafundisha tuisheni. Nilimjibu kitu kuhusu usafi.

"Mawe!" akashangaa kwa Kihaya. "Miaka yote hiyo shuleni, umerudi na usafi?"

Yeye ni mdogo wake mama. Alipoachika alirudi nyumbani Kamachumu, akakuta kibanja cha babu kimeshagawanywa kwa kaka zake. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyemwonyesha mgomba ulio wake. Akavuka kwenda kisiwani kuanika dagaa, na huko akakaa.

Niliwahi kumtembelea. Mtumbwi ulipokaribia ufuko, mwenye mtumbwi, aliyekuwa akiishi mjini, alibebwa mgongoni na mpakuzi hadi nchi kavu ili viatu visilowe. Mimi nikabebwa pia kwa kuwa nilikuwa mgeni. Mama mdogo alishuka mwenyewe, maji yakamfika kiunoni, mzigo kichwani, huku akiwapigia kelele wenzake: "Njooni muone, msomi amegeuka gunia!"

Kisiwa chote kilitegemea ufuko ule. Hapo walichota maji ya kunywa, wakafua, wakaogesha watoto, wakaosha dagaa. Chini ni mwamba, choo hakichimbiki, kwa hiyo watu walienda vichakani na mvua ikateremsha yote ziwani. Nilikuwa nimekulia Kamachumu, mlimani, kwenye chemchemi iliyofunikwa kwa saruji. Sikumbuki hata mara moja kujiuliza maji yangu yametoka wapi.

Kichocho walikijua. Mtoto wa miaka saba angeweza kukuambia kinaingilia kwenye ngozi. Walichokosa ni maji mengine ya kuingia.

Dagaa huvuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena, dagaa hawakusanyiki, kazi inasimama. Siku hizo kisiwa hupungua watu. Wanaume hurudi kwa wake zao, wanawake hurudi kula ebitoke, ndizi za kwao. Mama mdogo naye alikuwa akija Kamachumu na furushi la dagaa, na mwaka mmoja alikuja na tumbo.

"Hiyo mimba ya nani?" mama alimuuliza, akijaribu kufanya utani.

"Ya ziwa. Na bwana mwenyewe amegoma kuleta mahari."

Walicheka wote wawili, halafu mama akaingia jikoni na hakutoka kwa muda. Kanisani Jumapili ile watu walilitazama tumbo kabla ya kumtazama usoni. Wengine walihesabu miezi, wengine walitaja uchawi.

Nilimuuliza mama mdogo kama amewahi kupewa dawa ya kichocho.

"Dawa zinaletwa. Wanakuja na boti, wanakupima urefu kwa fimbo wajue vidonge vingapi, unameza. Wenzangu wachache wamemeza. Mimi kila zikija niko huku."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ndiyo bahati yangu hiyo."

Siamini katika bahati, lakini sikuuliza zaidi. Nilimpeleka kwenye zahanati ya pale mlimani. Muuguzi alimpokea vizuri, akamwita "mama" kwa heshima, akafungua kabati na kulifunga.

"Dawa hizo ni za watu wa ziwani," alisema. "Huku hakuna kichocho, hatuletewi."

"Yeye ni mtu wa ziwani," nikasema.

"Basi azipate huko ziwani, dada."

Ndipo nikamleta Bukoba. Hospitalini walimpaka mafuta ya baridi tumboni, wakaangalia kwenye skrini, na daktari kijana, wa umri wangu, akasema ini limejaa makovu. Alimpa vidonge palepale. Nikauliza kama vitamponya. Akasema vinaua minyoo, makovu yatabaki. Kisha akamgeukia mama mdogo: "Usiingie tena ziwani."

"Ndiyo, waitu," alijibu kwa heshima zote. Tulipofika nje aliniegemea. "Angeongeza na kula. Niache na kula."

Alikaa kwangu wiki chache. Uani kulikuwa na bomba, na asubuhi alipenda kulifungua na kuyaacha maji yamwagikie miguu, mpaka mama mwenye nyumba alipolalamika. Niliposhindwa kumlisha vizuri, na alipoona kwamba nimeshindwa, aliomba nauli ya boti. Nilimwomba abaki. Sikuwa na cha kumfanya abaki, na wote wawili tulilijua hilo.

Alitapika damu akiwa anageuza dagaa mchangani. Walimleta hadi bara akiwa amefunikwa. Tulimzika Kamachumu, kwenye kibanja ambamo sasa kaka zake walipata nafasi ya kumpa.

Miaka kadhaa baadaye nilipata kibarua cha kuandika kumbukumbu za mkutano wa watu wa afya. Wakati wa chai nilimuuliza mzee mmoja, aliyewahi kupanga safari za dawa visiwani, ratiba zao walizipangaje. Alinieleza kwa fahari kidogo. Walichagua siku za mbalamwezi kwa makusudi, kwa sababu siku hizo wavuvi hawana kazi, na hawakutaka kumharibia mtu yeyote siku yake.