Siku Niliposema Ng'ombe Amemla Mtoto

Jamani, habari hii nimeimeza miaka mingi, maana kila nikitaka kuisimulia uso unaniwaka, lakini leo acha niitoe. Ilikuwa miaka ya sabini, mimi bibi harusi wa miezi miwili pale Munanila, binti wa mwenye duka Kasulu mjini, ng'ombe namjua kwa nyama na maziwa basi. Asubuhi hiyo mama mkwe akaniuliza, "Mkamwana, ng'ombe akizaa leo utaweza kumwangalia?" Nami (kwa kupenda sifa!) nikajibu, "Bila shaka mama, ng'ombe nawajua." Akaenda shambani na wifi yangu Anastazia, aliyeniachia mtoto wake mchanga amelala chumbani.

Jua limepanda, nikasikia ng'ombe anakoroma zizini. Kuchungulia, namwona mdomo umejaa damu, kitu kirefu chekundu kinaning'inia, anakivuta, anatafuna, anameza, huku macho amenikazia mimi. Ndama simwoni. Nikawaza, mnyama aliyemla mwanawe atamwacha nani? Nikatimka kichwa wazi, nikashuka mteremko nikipiga yowe, na neno ndama limenitoka kabisa akilini: "Amemla mtoto! Uwiii, amemla mtoto!"

Kule yowe halipigwi bure, kilima hiki kikilia na kile kinaitikia. Wanaume wakatoka na mikuki na mapanga wakidhani ni chui, na Anastazia akatupa jembe akanishika mabega.

"Mawe, mama wee! Mwanangu umemwacha na nani?"

Nikaonyesha nyumbani kwa kidole tu. Akakimbia, akaanguka, akainuka, akakimbia tena, na hapo ndipo nilipotambua nilichokisema, na hofu hii ya pili ikaipita ile ya kwanza, maana ni kweli mtoto nilimwacha peke yake, mlango wazi.

Tulimkuta amelala vilevile. Na zizini, nyuma ya lundo la majani, ndama amesimama anayumbayumba, mama yake anamlamba. Wanaume wakatazamana, mmoja akaangua kicheko, wakafuata wote mpaka wengine wakakaa chini.

Mama mkwe hakucheka. "Amekula kondo lake la nyuma," alisema taratibu. "Likibaki pale, harufu ya damu inaita fisi, na ndama bado hajui kukimbia. Tena wazee wanasema linamrudishia nguvu. Wewe umeona anamla mwanawe, kumbe anamficha."

Natamani ningesema na mimi nilicheka. Anastazia alikuwa kizingitini, mtoto kifuani, mikono inamtetemeka hata akashindwa kufungua blauzi amnyonyeshe. Mimi ndiye niliyemfungulia vifungo, kimoja kimoja, nikilia, naye haniangalii.

Niliapa palepale: nisilolijua nitasema silijui, hata mbele ya wakwe, na nikikabidhiwa mtoto wa mtu, nikikimbia nakimbia naye.