Mwenye Miguu Mizito Atangulie

Kuna asubuhi moja siisahau, mwanangu, na leo imenirudia nilipokusikia ukimwambia baba yako kwamba Jumamosi mtakwenda Ileje kupunga upepo wa milimani, mkaone maporomoko, mtembee, mle nyama choma. Nimefurahi. Vumbi la Tunduma na honi za malori vinachosha hata ukuta. Lakini kabla hujafunga begi, kaa hapa nikusimulie kosa langu, maana huko nilishakwenda nikiwa na akili kama hizo zako.

Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu. Bibi yako, mama yake baba yako, alizaliwa kule juu karibu na Itumba, akaolewa huku Tunduma. Miaka mingi alikuwa hajarudi kwao kwa sababu ya magoti. Kila alipougua alisema anataka jambo moja tu: akayaone tena maporomoko alikokuwa akichota maji akiwa msichana, kabla miguu haijamgomea kabisa. Baba yako hakupata ruhusa kazini, nikapewa mimi kumsindikiza. Fikiria mwenyewe, mkwe mpya bado anatafuta kupendwa! Nikaapa moyoni kwamba nitamfikisha.

Tulipanda gari la mizigo hadi Isongole, tukapata jingine la kutupandisha juu. Tulifikia kwa Mjomba Ambakisye, kaka yake bibi yako, mzee mfupi wa maneno machache. Baridi ya kule, mwanangu! Inauma masikio lakini inafungua kifua. Nililala usingizi ambao sijawahi kulala mjini, nikaamka nataka kuona kila kitu siku hiyo hiyo: maporomoko, mianzi, na ule ukingo ambapo ukisimama unaiona Malawi ng'ambo ya Mto Songwe. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, nami wangu nilitaka kuutumia wote kabla ya chakula cha mchana.

Mjomba alitusindikiza hadi njiani. Akaniambia, "Mkwe, mama yako atangulie. Wewe kaa nyuma yake."

Nikadhani ni heshima tu, kama kumpisha mtu mzima mlangoni. Kumbe ndiyo desturi yao ya mlimani: mwenye miguu mizito hutangulia, wenye nguvu hufuata mwendo wake. Mimi nimekulia huku mpakani, ambako asiyejisogeza mbele hapati kitu. Tulipopita kona ya kwanza tu nikampita bibi yako, kikapu kichwani. "Mama, ngoja nikakutafutie pa kukaa," nikamwambia. Nilijiona mwema kweli kweli.

Nilifika. Nikanawa uso, nikatandika kitenge, nikakaa najipongeza. Nikangoja. Ukungu ukaanza kushuka, na hapo hofu ikaniingia, nikarudi mbio. Nilimkuta bibi yako amekaa chini kando ya njia, goti limevimba, kandambili moja imekatika. Alikuwa amejilazimisha kunifuata ili asionekane mzigo. Hakubakiza mwendo mrefu, maana ngurumo ya maji tuliisikia pale pale.

"Turudi, mkwe wangu," alisema. "Nimeyasikia. Inatosha."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu! Nililia njia nzima nimemshika mkono, na yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza.

Jikoni, Mjomba alimkanda dada yake goti kwa maji ya moto. Alipomaliza akanigeukia.

"Wewe ulifika?"

"Nilifika, Mjomba."

"Na dada yangu?"

Nikaanza kusogeza kuni motoni.

"Basi hamkufika. Aliye mbele haoni wa nyuma akianguka, mkwe. Kutangulia si kufika."

Maneno hayo tu, akaenda zake kuwatazama ng'ombe. Mimi nikabaki natazama moto.

Tulikuwa turudi kesho yake, tukakaa karibu wiki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilipewa langu nikapalilia viazi vya Mjomba bila kununa. Tulikula magimbi na maharage, tukaota moto, na bibi yako akazidi kunawiri kwa ile hewa. Siku ya tano goti lilinywea, akasema mwenyewe, "Twende."

Safari hii alitangulia yeye. Mwendo wake sasa! Hatua chache, anapumzika. Anamsalimia kila mwenye shamba, anauliza nani ameoa, nani amefariki. Alinionyesha shule aliyosomea na mteremko uliomvunja mkono utotoni, na vyote hivyo mara ya kwanza nilivipita bila kuviona. Jua lilikuwa limepanda sana tulipofika. Bibi yako akavua viatu, akatia miguu majini, akapiga ukelele kwa ile baridi, akacheka mpaka akashika mbavu. Akanishika mkono, akasema, "Umenileta nyumbani."

Mwanangu, nimejaliwa mengi mazuri, lakini furaha ya siku ile sijaipata mara mbili. Hakuupanda tena mlima ule, kwani mwaka uliofuata magoti yalikataa kabisa. Wala hakunung'unika tena.

Sasa baba yako amestaafu, na magoti yake unayajua, ni yale yale ya mama yake. Urithi mwingine haugombewi. Ninyi mna viatu vya michezo na simu za kupigia picha, mtaona njia fupi. Yeye hatasema amechoka, wanaume wa ukoo ule hawasemi. Kwa hiyo bebeni masweta, ondokeni mapema kabla ya ukungu, wala msipange kuona vitu vitatu kwa siku moja. Na njiani mtangulize baba yako. Usimwambie ni kwa ajili ya goti, mwambie wewe njia huijui. Mkifika, yeye awe wa kwanza kuyaona maji, na wewe uutazame uso wake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu aipe miguu yako nguvu na moyo wako subira, na watoto utakaowazaa, uzee wako ukifika, nao wakutangulize wewe.